Mkataba Kabla ya Safari



Wazee wetu walikijua kipande. Kilivaliwa shingoni, na mwajiri asipokitia sahihi, mtu hakuweza kupata kazi kwingine. Aliyetoroka kazini alishtakiwa kama mhalifu. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani.

Leo binti zetu waendao Saudia kutumika majumbani hukuta jambo linalofanana nalo, liitwalo kafala: ruhusa ya kukaa nchini imefungamana na mwajiri. Sheria ya kazi ya huko ya mwaka 2005 haikuwahusu watumishi wa nyumbani, na nafuu ya kubadili mwajiri iliyotolewa Machi 2021 iliwaacha nje.

Ngao tuliyo nayo ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Yaamuru mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi, naye ahakikishe kwamba mfanyakazi ameuelewa na kuukubali bila kushurutishwa.

Basi mzazi asiagane na binti yake kabla ya kuusoma mkataba huo pamoja naye, na nakala ibaki nyumbani. Msaada huanzia penye karatasi ile.