Kituo Kilichoinuliwa Juu: Fundisho la Takenotsuka

Mtu ashukaye leo katika kituo cha treni cha Takenotsuka, wilayani Adachi, pembezoni mwa jiji la Tokyo upande wa kaskazini, huenda asione jambo la kumstaajabisha. Reli na majukwaa vimeinuliwa juu ya nguzo za zege. Abiria huteremka, hutoka mlangoni, na kila mmoja hushika njia yake, wa mashariki mashariki na wa magharibi magharibi. Chini ya reli barabara i wazi. Mama mwenye baiskeli hupita bila kusimama, na mzee mwenye mkongojo hupita kwa mwendo wake mwenyewe. Lakini uwazi huo umepatikana kwa gharama kubwa, nayo si ya fedha peke yake.

Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1900, wakati eneo hilo lilikuwa la mashamba. Baada ya vita mji ukapanuka, nyumba za ghorofa zikajengwa, na maelfu ya wafanyakazi wakawa wanategemea treni kila asubuhi na jioni. Mwaka 1962 treni za njia ya chini ya ardhi ya Hibiya zilianza kupita katika reli hiyo ya kampuni ya Tobu. Mwaka 1974 reli ikapanuliwa kuwa ya njia nne. Aidha, karibu na kituo kuna maegesho ya treni, ambako mabehewa huingia na kutoka mchana kutwa. Treni ziliongezeka, lakini barabara ilibaki ikikatiza reli pale pale chini.

Wajapani huviita vivuko vya namna hiyo "vivuko visivyofunguka". Kwa hesabu ya serikali yao, hivyo ni vivuko vinavyofungwa kwa dakika 40 au zaidi katika saa moja ya msongamano. Takenotsuka ilivuka kiwango hicho. Kwa hiyo vizuizi viliachwa mikononi mwa walinzi, ili mtu mwenye macho na akili atumie kila nafasi ndogo kuwapitisha watu. Mlinzi akawa kati ya moto miwili: mbele yake taa za kumwonya kwamba treni yaja, na nje ya kibanda chake umati uliochoka kungoja.

Tarehe 15 Machi, 2005, saa 10.50 jioni, kizuizi kiliinuliwa huku treni iendayo Asakusa ikikaribia. Watu wakaingia relini. Wanawake wawili wakafa, na wengine wawili wakajeruhiwa.

Mlinzi alishtakiwa na kuhukumiwa. Hilo ni la sheria. Ila kumwadhibu mtu mmoja hakukufupisha foleni hata kwa dakika moja. Kesho yake treni zilikuwa zile zile, na watu wenye haraka wale wale. Palipo na mpango unaomtaka binadamu asikosee hata mara moja, miaka nenda miaka rudi, kosa la kwanza limo ndani ya mpango wenyewe.

Wakazi walilitambua hilo. Walikusanya sahihi wakidai reli iinuliwe, na wilaya ya Adachi ikashika uongozi wa mradi. Ujenzi ulianza mwaka 2012, na katika muda wote huo treni ziliendelea kubeba abiria. Njia ziliinuliwa moja baada ya nyingine: ya kwanza Mei 2016, ya pili Septemba 2020, na zilizosalia tarehe 20 Machi, 2022. Siku hiyo vivuko viwili vya karibu na kituo vikaondolewa. Ilikuwa siku tano tu baada ya kutimia miaka 17 tangu ajali ile.

Wapo watakaosema kwamba ni fedha nyingi mno kutumiwa kwa ajili ya barabara mbili. Ni kweli kwamba kazi za namna hii ni ghali, na kwamba nchini Japani sehemu kubwa ya gharama hubebwa na fedha za umma. Lakini hesabu ya kweli lazima iingize pia saa za wafanyakazi zilizopotea vizuizini, magari ya wagonjwa yaliyongoja, na roho za watu zisizolipika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Takenotsuka ufa ulionekana miaka mingi kabla ya ukuta kujengwa.

Ndugu wasikilizaji, kituo kile hakikuinuliwa kwa ajili ya fahari ya mji. Kiliinuliwa ili mtu wa kawaida, akirudi nyumbani na kikapu chake jioni, asilazimike kuchagua kati ya muda wake na uhai wake. Kipimo cha kazi kama hiyo ni yule mzee mwenye mkongojo, apitaye chini ya reli bila hata kuinua macho kuitazama treni.