Mweka Hazina Aliyekosa Usingizi

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niongee juu ya saikolojia, yaani elimu ya akili na mwenendo wa mtu. Nilipoisoma kwenye diploma ilikuwa na maneno magumu sana. Leo nitaanza na mama mmoja tu, naye ameniruhusu bila kumtaja jina.

Mama huyu alikuwa mweka hazina wa kikundi. Miaka sita daftari lake halikuwa na kasoro. Kisha ukaja mwaka wa kiangazi, hesabu zikaanza kukosana. Mara shilingi mia mbili hazionekani, mara mwanachama amelipa na hajaandikwa. Akawa mkali, na mara nyingine analia bila sababu. Wengine wakasema amekula pesa. Wengine wakasema amerogwa. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kikao hicho, nikakubali aondolewe. Hakuna aliyemwuliza, "Mama, wewe unalala lini?"

Nilikuja kuuliza baadaye. Alikuwa akiamka saa saba usiku kwenda kupanga foleni kwenye kisima cha mchanga mtoni, akirudi na maji kunapokucha. Halafu shamba. Halafu kuchimba fanya juu pamoja na mwethya. Kwa muda wa karibu miezi mitatu hakupata usingizi wa zaidi ya saa nne kwa usiku. Mtu mzima anahitaji kama saba.

Hebu tuingie kichwani. Ubongo wa mtu mzima hauzidi sana kilo moja na nusu, tuseme kilo 1.4 hivi, lakini unakula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu za mwili, hata ukiwa umeketi tu. Na usiku haulali kama jiwe. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna nyakati macho ya aliyelala yanachezacheza chini ya kope, na ubongo unachangamka karibu kama wa mtu aliye macho. Ndoto nyingi huja wakati huo. Mzunguko huo hurudi kila dakika 90 hivi. Usiku ndipo ubongo unapopanga mambo ya mchana, kama mama anavyopanga vyombo jioni. Ukiukatiza kila siku, kumbukumbu inalegea, hesabu zinapotea, na hasira inakuwa karibu.

Mwaka huohuo wa 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari, Nairobi. Alidai kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Basi huko wanagundua kwamba ubongo uliolala unafanya kazi, na huku mwingine anasema wetu ulio macho umelala! Ushahidi wa maana hakuwa nao.

Wataalamu hawakubaliani waanzie wapi kumtazama mtu. Wa mwili wangesema mama huyu apimwe damu na presha, na alale. Wafuasi wa Sigmund Freud wangeuliza utoto wake na machungu aliyoyazika. B. F. Skinner alitazama mazoea: tendo linaloleta faida hurudiwa, na aliyewahi kisimani alipata maji safi. Kweli, hata mvua iliponyesha aliendelea kuamka saa saba. Carl Rogers angeketi amsikilize bila kumhukumu, jambo ambalo sisi hatukufanya. Kuna na wale wanaotazama jamii. Hao wangetugeukia sisi: kwa nini foleni ya usiku ni ya kina mama peke yao? Mimi nasimama na hawa zaidi, ingawa wa mwili siwaachi.

Kule Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, watafiti walipima usingizi wa Wahadzabe 33 kwa siku 20, wakachapa matokeo mwaka 2017. Dakika ambazo wote walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu wakati wote kulikuwa na mtu aliye macho, na hawakupangiana. Kukesha hakukumwangukia mmoja.

Kikundi chetu kilibidi kipangiane. Kila usiku nyumba mbili zinatoa punda na mitungi, na baba anakwenda zamu yake. Wababa wengine walinung'unika. Lakini walikwenda.

Jambo lingine. Mtu akikosa usingizi wiki mbili, tena ana huzuni, hataki chakula, au anasema afadhali afe, hiyo yaweza kuwa sonona. Akitaja kifo msingoje hata siku moja: asiachwe peke yake, mpelekeni kituo cha afya. Makueni, katika miaka ya 2010, shirika la Africa Mental Health Foundation la Profesa David Ndetei liliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na waombezi kuitambua sonona na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Kwa hiyo hata mkianzia kwa maombi au kwa mganga, msiishie hapo.

Zile mia mbili zilionekana. Alikuwa ameandika malipo ya mtu mmoja mara mbili. Mimi nimemwomba msamaha. Kikundi bado, na daftari hajarudishiwa. Mwenyekiti wake ameketi hapa kati yetu, naye anajua nitamtembelea wiki ijayo.

Sasa maswali. Kina mama waanze.