Bima ya utunzaji Ujerumani: usichelewe kuomba

Msikilizaji unayeishi Ujerumani, kama mumeo au mama mkwe wako hawezi tena kuoga wala kuvaa bila msaada, usingoje. Bima ya utunzaji, iliyoanza mwaka 1995, hulipa kuanzia mwezi wa maombi. Miezi uliyonyamaza hairudi. Simu moja kwa Pflegekasse, mfuko ulio chini ya bima yake ya afya, yatosha kuanzisha ombi.

Kisha mkaguzi atakuja kupima kiwango cha uhitaji, cha 1 hadi cha 5. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia: mgonjwa, kwa kumstahi mgeni, hujikaza na kusema anajiweza. Jamani, mwambieni aonyeshe hali halisi, hata ile ya usiku. Siku kadhaa kabla, andikeni kila msaada mnaompa.

Anayetunzwa nyumbani na ndugu, mwaka 2025, alipata euro 347 kwa mwezi katika kiwango cha 2, na euro 990 katika cha 5. Nawe dada unayemtunza mtu wa kiwango cha 2 au zaidi, angalau saa 10 kwa wiki zilizogawanywa katika siku zisizopungua mbili, ukiwa huajiriwi zaidi ya saa 30, mfuko unakuchangia pensheni. Ombi likikataliwa, mna mwezi mmoja kupinga kwa maandishi.