Seli Shina na Ugonjwa wa Mapafu: Habari Tuliyoifikisha Nusu

(Maneno ya darsa iliyotolewa msikitini Kunduchi baada ya swala ya Alasiri)

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), leo tunarejea kwenye maneno tuliyoyasema hapa hapa katika Ramadhani ya mwaka 2020, nayo yana deni juu ya shingo yetu.

Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka ule, na hadi kufika Mei watu walikuwa wakijifukiza nyungu na kuulizana dawa. Ndipo ilipotufikia, kwa Kiarabu, habari ya tarehe 1 Mei kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu: Kituo cha Seli Shina cha Abu Dhabi kimewatibu wagonjwa 73 na wote wamepona. Tukaitafsiri mbele yenu kwa furaha, na baadhi yenu mkaleta takbira.

Seli shina ni zile seli changa za mwili ambazo hazijashika kazi maalumu, nazo huweza kuzaa seli za aina nyingine. Pale Abu Dhabi zilitolewa katika damu ya mgonjwa mwenyewe, zikaamshwa, kisha akazivuta mapafuni zikiwa ukungu mwembamba. Msingi wa fikra hiyo si wa kipuuzi. Mgonjwa wa Korona anapozidiwa, mara nyingi kinachomwangamiza ni kinga yake mwenyewe iliyopandwa na hasira, ikavimbisha mapafu hata vifuko vya hewa vikajaa majimaji. Wataalamu walitaraji kuwa seli hizi zitaituliza hasira hiyo.

Kuhusu uhalali wake, walioulizia tuliwajibu, na jibu lile halijabadilika. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka cha Desemba 2003, lilijuzisha seli zitokanazo na mtu mzima kwa ridhaa yake na bila kumdhuru, na zitokanazo na kondo la nyuma au damu ya kitovu; likaharamisha zinazopatikana kwa kuitoa mimba makusudi.

Kosa letu lilikuwa mahali pengine. Tangazo lile lile lilisema kwamba wagonjwa wale walipewa seli pamoja na matibabu ya kawaida, na kwamba tiba hii ni nyongeza wala haishiki nafasi ya matibabu hayo. Likasema pia kuwa kilichothibiti ni usalama wake tu, na uchunguzi kama inafaa ulikuwa ungali ukiendelea. Maneno hayo tuliyaona. Tukayapita, kwa kuwa "wote wamepona" yalikuwa matamu zaidi. Sisi tunaowafundisha vijana wenu kuchuja wapokezi wa hadithi mmoja mmoja, habari ya gazeti tuliipokea bila kuichuja!

Palikuwa na mzee mmoja wa Mtongani, kifua kimembana. Wanawe walikuwapo kwenye darsa. Walikwenda kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili ndege zikifunguliwa wampeleke baba yao Ghuba, na kwa siku mbili mzee alibaki nyumbani akihema kwa shida, na ilhali alichokihitaji saa ile ni oksijeni. Alipofikishwa hospitali alikuwa amechoka mno, akafariki. Hatudai kuwa siku mbili zile ndizo zilizomuua. Ajali ya mja iko kwa Mola wake. Lakini siku mbili zile zilitokana na ulimi wetu.

Mwanawe mkubwa, baada ya matanga, alitujia na swali moja tu: "Ustadhi, hao sabini na watatu walilinganishwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Wagonjwa wengi wa Korona hupona hata bila tiba mpya, kwa hiyo kupona kwao hakutoshi kuwa ushahidi. Mwezi uliofuata, Juni 2020, Uingereza ilionesha namna ya kulijibu swali kama lile. Wagonjwa 2,104 walipewa deksamethasoni, wengine 4,321 hawakupewa, wakiwa wamegawanywa kwa kura. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi. Nayo ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kwa upande wa seli shina, jaribio la kampuni ya Mesoblast kwa wagonjwa wa mashine huko Marekani lilisimamishwa Desemba 2020, baada ya wagonjwa zaidi ya 200, kwa kuwa halikuelekea kupunguza vifo.

Hatusemi kuwa seli shina ni uongo. Upandikizaji wa uloto ni tiba ya seli shina, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliwapandikiza watoto wenye selimundu. Hiyo ina maradhi yake na vipimo vyake.

Tumelisema hili leo kwa sababu wiki iliyopita dada yetu mmoja alituletea karatasi ya mtu anayeuza "seli shina" za kutibu pumu, kisukari na mapafu kwa pamoja, akitaka tumsomee na tumwambie kama auze cherehani yake. Tuliisoma hadi mstari wa mwisho. Hapakuwa na jina la daktari wala la hospitali. Cherehani ingalipo, na Jumatatu tunamsindikiza kliniki ya kifua.