KURA SI YA WALIOSOMA PEKE YAO

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibaoni, Ifakara)



Nimeombwa niseme machache juu ya haki ya kupiga kura. Nitaanza na neno tunalolisema sana sisi tuliokaa madarasani: kwamba mtu asiyesoma hajui anachochagua. Ndugu zangu, neno hilo si jipya. Mkoloni alilitumia kabla yetu.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wote waliteuliwa na Gavana, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa. Uchaguzi wenyewe ulikuja mwaka 1958, ukamalizika mwaka 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, na tena awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au cheo maalum. Juu ya hayo alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

Hebu tulipime sharti hilo kwa bonde letu. Mkulima wa mpunga angezipata wapi shilingi 3,000? Kijana aliyemaliza darasa la nane, akifikisha umri, aliruhusiwa. Mama yake aliyelima, akatwanga na kuuza mchele ili apate ada, alibaki nje. Je, kati yao ni nani aliyejua zaidi uzito wa kodi na bei ya chumvi?

Masharti hayo karibu yaipasue TANU. Huko Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na mlango ukapanuka. Mwaka 1960 ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na pato la paundi 75. Hatimaye, katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, kila raia mtu mzima alipiga kura, awe amesoma au hakusoma.

Lakini haki ya kura ni jambo moja, na kuwa na wa kuchagua ni jambo la pili. Mwaka 1960 viti 58 kati ya 71 havikupigiwa kura, maana mgombea alikuwa mmoja. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana kwa alama za jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Naye alichagua kweli: mawaziri walianguka, akiwemo Paul Bomani. Kiti cha Rais, hata hivyo, kilibaki cha “Ndiyo” au “Hapana” mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na kushindana mwaka 1995.

Leo Katiba inampa kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Bado lakini asiyedhaminiwa na chama hawezi kugombea, ingawa mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, ilisema katazo hilo linavunja haki. Kazi haijaisha.

Ndugu zangu, kura isiyo na chaguo ni mtumbwi usio na kafi. Basi tuliosoma tusijione walinzi wa mlango. Tujiandikishe, tuhudhurie mikutano ya vijiji na mitaa yetu, na tukae chini tuwasikilize waliotulipia ada.