Kumwita Dubu kwa Filimbi

Leo nimepewa nafasi ya kuwaelezeni habari za mnyama asiyepatikana mwituni katika nchi zetu, wala popote katika Afrika siku hizi, naye ni dubu. Najua wengi wenu mmeona sura yake katika vitabu. Nitakayosema mimi ni habari ya namna moja tu ya kumwinda, yaani kumwita kwa filimbi katika majira ya kuchipua majani, kama nilivyoona kwa macho yangu mwisho wa mwezi wa Mei, mwaka 2019, katika jimbo la British Columbia, upande wa magharibi wa Kanada, nilipokuwa huko kwa masomo ya kazi ya misitu.

Yanipasa kwanza niwajulishe huyo dubu mwenyewe. Aitwa dubu mweusi, naye hukaa katika misitu ya Kanada na Marekani, na sehemu za kaskazini za Meksiko. Idadi yao yakadiriwa kuwa mamia ya maelfu. Jina lisiwadanganye, kwa kuwa wako wenye rangi ya kahawia, na wengine rangi ya mdalasini, na katika visiwa vya pwani ya jimbo hilo nililolitaja wamo wachache walio weupe, ambao sheria yakataza kuwawinda. Dume aliyekomaa huweza kufika ratli 300 na kuzidi. Hupanda mti upesi kuliko mkwezi hodari wa minazi, na kwa mbio hakuna mtu awezaye kumwepuka.

Baridi ikaribiapo dubu hula mno mpaka akanenepa, kisha huingia pangoni, au chini ya mizizi ya mti ulioanguka, akalala humo miezi mitano au sita, na kaskazini sana hata saba. Muda huo wote hali, hanywi, wala haendi haja. Tena jike huzaa humo humo, mnamo Januari au Februari, na mara nyingi huwa watoto wawili au watatu, kila mmoja uzito wake haufiki ratli moja. Huwanyonyesha gizani mpaka theluji iyeyuke. Theluji iyeyukapo, wa kwanza kutoka ni madume. Majike wasio na watoto hufuata. Na wa mwisho kabisa ni mama wenye watoto wachanga. Yashikeni haya, maana nitayarudia.

Atokapo pangoni dubu amekonda, na chakula chake cha kwanza hakifanani na meno yake: hula majani. Utamwona kando ya barabara akichunga kama ng'ombe. Akikuta mzoga uliofukiwa na theluji, hula pia. Lakini ifikapo mwisho wa Mei na mwezi wa Juni, kulungu wa huko huzaa, na mama huwaficha watoto wao majanini, akaenda malishoni. Mtoto wa kulungu hutulia kimya wala hana harufu nyingi. Lakini akikamatwa hulia. Dubu wanaijua sauti hiyo. Dubu aisikiapo, hujua kwamba mahali fulani karibu pana nyama laini, na labda mwenzake ametangulia kuikamata, naye aweza kumnyang'anya. Basi huko ndiko mwindaji alikopata hila yake.

Filimbi yenyewe ni kitu kidogo, kiasi cha kidole, cha mbao au cha plastiki, na ndani yake mna ulimi mwembamba kama ule wa zumari. Ukipuliza huku ukiufinya ulimi kwa midomo, sauti hupanda na kushuka kwa kutetemeka. Ninayo hapa. Sikilizeni.

(Hapa msemaji alipuliza filimbi.)

Nawaomba radhi wenye mbuzi karibu na redio. Hiyo ndiyo sauti ya mtoto wa kulungu aliyeshikwa. Iko nyingine ya sungura, na nyingine ya mtoto wa dubu mwenyewe. Siku hizi viko pia vyombo vya umeme vinavyotoa sauti hizo bila ya mtu kuchoka, lakini mahali pengi sheria haviruhusu kwa wanyama wakubwa, nami naona ni haki.

Kuita wanyama si jambo geni kwetu Afrika. Katika misitu ya Kongo wawindaji hubana pua wakaiga sauti ya paa wadogo wa mwituni, nao paa huja. Wahadzabe wa Tanzania humpigia mluzi yule ndege aongozaye watu kwenye mizinga ya nyuki. Lakini mluzi wa Wahadzabe ni wa mapatano: mtu hupata asali, ndege hupata nta. Filimbi ya dubu haina mapatano.

Mwenyeji wangu alikuwa mtu mwenye kupata miaka sabini, ambaye ujana wake wote alikata magogo katika milima iitwayo Kootenay. Nilimwita mzee, kwa desturi yetu, naye alipojua maana yake aliipenda. Mimi sikuchukua silaha, kwa kuwa mgeni hana ruhusa ya kuwinda huko ovyo ovyo, nilikwenda kutazama. Tuliiacha motakaa barabarani kabla ya jua kutoka, tukapanda kwa miguu mwendo wa saa moja, mpaka mahali palipokatwa miti zamani, na sasa pameota majani mabichi.

Kabla ya kuketi mzee alichota unga kidogo katika kichupa, akaupuliza hewani atazame uendako. Pua ya dubu ni kali kupita macho yake na masikio yake, na mara nyingi haji moja kwa moja kwenye sauti, bali huzunguka mpaka apate upepo utokao kwako. Kwa hiyo tuliketi tukapeana migongo kwenye kisiki kikubwa. Yeye akatazama mbele, mimi nikatazama nyuma, huko ulikokwenda upepo. Akanionya hivi: “Kijana, hapa sisi tumejifanya chakula. Ajaye hatakuja kutuamkia.”

Maneno hayo hayakuwa ya mzaha. Katika milima ile yuko pia dubu mwingine aitwaye grizli, mkubwa zaidi na mkali zaidi, naye huisikia filimbi kama mwenzake. Tangu Desemba mwaka 2017 ni marufuku kumwinda katika jimbo lile. Katika visiwa vya kusini mashariki ya Alaska, wawindaji waitao kulungu kwa filimbi wamepata kushtukia dubu wa kahawia wamesimama nyuma yao. Ndiyo sababu watu hawaendi peke yao, tena hawaketi mahali penye vichaka vya kuziba macho.

Basi mzee akaanza kupuliza. Nimekua nyumbani kwa wafuga mbuzi, na sauti ile nilipoisikia karibu nywele zilinisimama. Ilikuwa kama usiku fisi anapoingia zizini. Akapuliza karibu dakika nzima, akavuta pumzi, akapuliza tena. Nikadhani atapumzika, lakini wapi. Dubu, kama alivyonieleza baadaye, si kama chui aliyekwisha kukusudia jambo: sauti ikinyamaza, yeye husimama, akaanza kula majani, akasahau alikokuwa akienda. Kwa hiyo mwitaji hana budi kuendelea nusu saa, hata saa nzima, mpaka midomo ikafa ganzi na ulimi wa filimbi ukajaa mate.

Ilipata dakika arobaini ndipo dubu akatokea, naye alitokea upande wangu. Sikusikia hata kijiti kuvunjika. Nilitazama kisiki kimoja cheusi, nikatazama pengine, na nilipokirudia kile kisiki kilikuwa na masikio. Nikamgusa mzee kwa kiwiko. Akageuka polepole mno, bunduki ikiwa magotini. Dubu alikuwa kiasi cha hatua sitini, amesimama ubavu, ameinua pua. Hapakuwa na mti katikati yetu. Nikanong'ona, “Piga, mzee.”

Hakupiga. Akanong'ona, “Mtazame masikio.”

Mimi niliona masikio tu. Yeye aliona mambo mengine. Dume mkubwa kichwa chake ni kipana, hata masikio huonekana madogo tena yameachana, na tumbo lake hukaribia chini. Huyu kichwa chake kilikuwa chembamba na masikio yake marefu, na kwa hiyo ama alikuwa jike, ama dume kijana. Tena mara mbili aligeuza uso akatazama nyuma, kwenye msonobari mmoja mkubwa. Mzee akaiweka filimbi mfukoni, akakaa kimya. Dakika zikapita, sijui ni ngapi. Kisha yule dubu akanguruma kwa sauti ndogo, mfano wa mtu asafishaye koo, na mara tukasikia kucha zikikwaruza gome la mti. Wakashuka watoto wawili, wakubwa kama paka, wakamkimbilia mama yao, wakaenda zao wote watatu.

Mzee akasema, “Kama ningalikusikia wewe, tungaliua watatu kwa risasi moja.”

Nilitahayari, nami sioni aibu kuwaambieni. Mtoto wa dubu wa miezi minne hawezi kuishi bila mama. Hukaa naye mpaka mwaka wa pili. Na mama aendapo penye hatari, desturi yake ni kuwapandisha watoto mtini na kuwaacha huko. Basi kutowaona watoto pamoja naye si ushahidi kwamba hanao. Sheria ya British Columbia yakataza kumwinda dubu asiyetimia miaka miwili, na dubu yeyote aliye pamoja naye. Lakini sheria haina macho ila ya yule aliyeshika bunduki, naye yuko peke yake msituni, roho yamwenda mbio.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yangu. Nimesema kwamba madume hutoka kwanza, na mama wenye watoto mwisho. Kwa sababu hiyo watetezi wa uwindaji wa majira haya husema kwamba anayewinda mapema atakutana na madume zaidi. Ni kweli. Lakini sauti ya mtoto wa kulungu huwa na nguvu wakati kulungu wanapozaa, na wakati huo mama wote wamekwisha kutoka, tena wana njaa kuliko madume kwa sababu wananyonyesha. Filimbi haichagui. Kwa ajili ya mashaka hayo watu wa Colorado, katika Marekani, walipiga kura mwaka 1992 wakauondoa uwindaji wa dubu wa majira ya kuchipua. Jimbo la Washington liliukomesha mwaka 2022. Ontario, katika Kanada, iliufuta mwaka 1999, ikaujaribu tena mwaka 2014, na tangu mwaka 2021 imeurudisha wa kila mwaka. Mjue basi kwamba hata huko kwenyewe watu hawajapatana.

Mzee alikuwa na shauri lake. Alisema sauti ya mtoto wa dubu hataipuliza kamwe, kwa kuwa waijiao hiyo ni mama zao, na madume wauao watoto, na mtu hawezi kutambua upesi ni yupi anayekuja mbio. Tena alisema dubu aliyekuja kwa filimbi apewe muda mrefu kuliko dubu aliyeonwa akila majani, kwa maana huyu wa majani hakudanganywa na mtu. Nilimwuliza kama kwa kungoja hivyo amepata kupoteza wanyama wengi. Akasema wengi sana.

Siku ya nne, bonde jingine, alikuja dume. Safari hii hata mimi nilimtambua: shingo nene, kichwa kama ndoo, mwendo wa kujivuna. Mzee alimngoja hata hivyo, mpaka nikaanza kuogopa kwamba upepo utageuka. Alipopiga, dubu alikimbia hatua kama ishirini akaanguka.

Tulimchuna mpaka adhuhuri. Ngozi ya majira hayo ni nzito na nzuri, kwa kuwa bado ina manyoya ya baridi, na nyama haikuachwa mwituni, maana sheria ya jimbo lile yamlazimu mwindaji kuichukua iliwayo. Tuliibeba kwa safari tatu mpaka kwenye motakaa, na mabega yangu yaliniuma juma zima. Nyama hiyo haifai kuliwa mbichi katikati, kwa kuwa yaweza kuwa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, imletayo mlaji maradhi mazito, na iko aina ya minyoo hiyo isiyokufa hata nyama ikigandishwa. Mke wa mzee aliipika sufuriani tangu saa nane mpaka jioni, pamoja na vitunguu na viazi. Utamu wake si haba, mfano wa nyama ya ng'ombe aliyenona. Majirani wawili walikuja kula pamoja nasi, na mmoja wao alipata paja zima la kupeleka kwake.

Muda wangu umekwisha, bwana fundi ananionyesha saa. Wanafunzi wenye maswali wampe mwalimu wao ayaandike, nami nitayajibu siku nyingine. Kwa herini.