Kiwanja Kabla ya Chungu
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Tumeombwa tueleze jinsi Chama chetu kilivyopata kiwanja cha mkahawa ule wa njia panda. Wengi wenu mlinung'unika kwamba tulikawia. Mlikuwa na haki, maana fedha zilizongoja ni makato ya kahawa yenu.

Mkahawa wetu ni wa jina la kukodi: kampuni hutupa jina, mapishi na masharti; sisi hutoa mtaji na kazi, na kuilipa sehemu ya mauzo. Mwanzoni tulidhani kwamba jambo kubwa ni jina. Kumbe jambo kubwa ni ardhi.

Watu wa McDonald's huko Marekani walilitambua hilo zamani. Ray Kroc alifungua mkahawa wake wa kwanza wa jina hilo mwaka 1955, katika mji wa Des Plaines, Illinois. Wengine waliokodi jina walimlipa 1.9 kwa mia ya mauzo, na katika hiyo ndugu wawili McDonald walichukua 0.5. Iliyobaki haikutosha. Mwaka 1956 msaidizi wake wa mambo ya fedha, Harry Sonneborn, alianzisha kampuni ya ardhi. Kampuni ilikodi viwanja kwa wenyewe, kisha ikawapangisha wenye mikahawa kwa kodi kubwa zaidi. Aliyevunja masharti aliweza kunyang'anywa pango, na mkahawa ukamtoka.

Basi, ashikaye kiwanja ndiye ashikaye mkahawa. Kwa sababu hiyo, kampuni yetu ilipotaka ikodi kiwanja yenyewe na kutupangisha, tulikataa kwa adabu.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa karibu na stendi ya mabasi. Wapita njia walikuwa tele na bei ilikuwa nafuu, lakini mwenyewe alitaka malipo kabla ya Ijumaa. Kamati iligawanyika. Alhamisi tulichukua kamba tukapima. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 yataka hifadhi ya barabara kuu iwe meta 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Jiko letu lote lingeangukia ndani ya hifadhi! Siku moja tungeamka tukute alama nyekundu ya X ukutani, bila tumaini la fidia.

Kiwanja cha pili ndicho hiki cha njia panda. Tulisimama hapo siku tatu tukihesabu watu asubuhi, mchana na jioni. Tulitazama maji, na njia ya magari kuingia na kutoka. Kisha tukafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, tukaona hati imewekwa rehani benki. Tulingoja miezi minane mpaka deni likalipwa na rehani ikafutwa. Ndipo tukatia saini mkataba wa miaka 20, wenye haki ya kuongeza muda, na kuusajili.

Msimu mmoja wa kahawa ulipita hivyo, nasi twakiri hasara ile. Lakini mkataba umo sandukuni kwa jina la Chama, na kila mwanachama aweza kuja kuusoma.

Watakaotufuata twawausia neno moja: msitie saini kabla ya kupima.